Ukame Si Njaa: Watoto Wetu Wafundishwe Tofauti Yake

Katika lugha yetu tunayo maneno matatu ambayo siku hizi yanachanganywa ovyo, na kuchanganywa kwake kunawadhuru watoto. Maneno yenyewe ni kiangazi, ukame na njaa. Mtangazaji husema kiangazi akikusudia ukame; mwandishi wa gazeti huandika ukame akikusudia njaa; na mtoto aliye darasani, ambaye hana budi kuyajibu maswali ya mtihani, huyatia yote matatu katika kapu moja na kuyamwaga mbele ya mwalimu kama alivyoyapokea. Wala si makosa yake.

Kiangazi ni majira. Huja kila mwaka kikaenda zake, kama vile Kaskazi inavyoipisha Kusi, na hapana mtu wa Pwani anayeshtuka kwa kuwa Januari ni kavu. Ukame ni mvua iliyotazamiwa isije, au ije kidogo, au ije wakati usiokuwa wake, hata ardhi na visima na mifugo vikaonja upungufu huo. Ama njaa ni jambo la tatu kabisa. Njaa ni mtu kukosa chakula. Baina ya ukame na njaa pana masafa, na katika masafa hayo wamo watu: mwenye ghala, mwenye lori, mnunuzi wa mbuzi, afisa aliye ofisini, jirani, na serikali yenyewe. Mvua haimo mikononi mwetu. Lakini yale yatokeayo baada ya mvua kukosekana, sehemu kubwa yamo mikononi mwa wanadamu.

Hilo ndilo ambalo ningependa lifundishwe katika skuli zetu za Pwani, na vyuoni mwetu pia, tangu madarasa ya chini. Mtoto akilijua, atatazama mambo kwa jicho jingine. Asipolijua, atakua akiamini kwamba njaa ni kama kupatwa kwa mwezi, yaani kitu cha kutazamwa tu mpaka kipite.

Tazama daftari la mtoto baada ya somo hili. Utakuta kichwa cha habari, Athari za Ukame, na chini yake orodha: mifugo hufa, mimea hukauka, watu huhama, watoto huacha skuli, magonjwa huenea. Ameiandika kwa hati nzuri, ameihifadhi kama alivyohifadhi majina ya mito, na mtihani ukija ataimwaga yote apate alama zake. Muulize sasa: mifugo hufa kwanza, au bei yake huanguka kwanza? Kwa nini watu wahamie huku wasihamie kule? Nani aliyepata faida mwaka ule? Hatakujibu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa mambo hayo yana mpango wake na kwamba moja huzaa jingine. Mtaala wa umilisi ulioenezwa madarasani mwaka 2019 ulikusudiwa kuuponya ugonjwa huu wa kukariri, lakini katika somo la ukame, kwa nionavyo mimi, mgonjwa bado yu kitandani.

Na pamoja na orodha huja picha. Ni ile ile sikuzote: mzoga wa ng'ombe, mbavu nje, na nyuma yake mama aliyejitanda ushungi akitazama mbali. Ubaya wa picha hiyo si uongo, maana ni ya kweli. Baina ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 majira 5 ya mvua yalikosekana mfululizo, ukame ambao wataalamu walisema haukuwahi kuonekana katika miaka 40. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Zaidi ya mifugo milioni 2 iliangamia, na watu zaidi ya milioni 4 wakawa wanahitaji msaada wa chakula. Ubaya wa picha ni kwamba humwonyesha mtoto mwisho wa kisa bila ya mwanzo wala katikati. Tena humfundisha kwamba ukame una kabila lake na mavazi yake. Ndani ya darasa hilo hilo la Malindi au Mombasa huenda yumo mtoto aliyetoka Ganze, au Bura, au Kinango, ambaye kwao kulikauka kweli. Picha ikitundikwa ukutani, wenzake humgeukia yeye. Nimesikia kwa masikio yangu mtoto akitaniwa kuwa ni "mtoto wa msaada", na waliomtania hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa wamefundishwa vibaya.

Maana wengi wetu tuishio mijini tumejiaminisha kwamba ukame ni habari ya bara. Haya, na tuhesabu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, hufuatilia kaunti 23 zilizo kame au zinazokaribia kuwa kame, na kwa kila moja hutoa taarifa ya kila mwezi. Pwani ina kaunti 6. Katika hizo, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote zimo katika orodha. Iliyobaki nje ni Mombasa peke yake.

Na Mombasa nayo yanywa wapi? Visima vya kisiwani vingi ni vya maji ya chumvi, na kila mama wa nyumbani ajua yapi ya kuoshea na yapi ya kunywa. Maji matamu hutoka mbali. Hutoka Marere katika Kwale, hutoka Tiwi, hutoka Baricho kandokando ya mto Sabaki, na hutoka Mzima katika mbuga ya Tsavo kwa bomba lililokamilishwa mwaka 1957, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Chemchemi za Mzima zenyewe hazina mvua yake. Maji yale ni mvua iliyoangukia vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatembea chini kwa chini mpaka ikatokea Mzima safi kama kioo. Basi mtoto wa Majengo au Kibokoni anapotia kikombe mdomoni, anakunywa mvua ya Ukambani. Na mto Sabaki ni huo huo uitwao Athi huko juu, uanzao karibu na Nairobi. Mwalimu akilieleza hilo mara moja tu, kwa ramani na kipande cha chaki, sidhani kama mtoto atasema tena kuwa ukame ni wa watu wa bara.

Jambo jingine lililo karibu nasi, na ambalo hatulitumii, ni visima na majengo ya wazee wetu. Skuli nyingi huwapeleka watoto Gede. Huonyeshwa Msikiti Mkuu, na jumba la mfalme, na lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, kisha wakapigwa picha na kununuliwa soda. Lakini karibu na msikiti kipo kisima, na James Kirkman, aliyeanza kuufukua mji huo mwaka 1948, aliona dalili kwamba kisima hicho kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, na akadhani kuwa kupungua kwa maji ya ardhini ni mojawapo ya sababu zilizowafanya watu wauhame mji. Sababu nyingine zimetajwa pia, kama vile mashambulizi ya kutoka kaskazini, na wataalamu hawajaafikiana. Haidhuru. Mtoto akisimama penye ukingo wa kisima kile akaelezwa kwamba hapa palikuwa na mji wa Waislamu, wenye misikiti na vyombo vya kutoka Uchina, na kwamba wenyewe walizidi kuteremsha kamba mwaka baada ya mwaka, somo hilo atalibeba mpaka uzeeni. Tangu Julai 2024 Gede imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni watazidi kuja kuitazama. Yafaa na sisi wenyewe tujue tunachokitazama.

Huko Pate, Siyu na Faza zipo jabia, yaani yale mabirika makubwa ya kuvunia maji ya mvua. Wazee hawakuzijenga kwa mapambo. Walijua kuwa maji matamu ya ardhini ni machache katika visiwa vile, wakafanya hesabu ya paa, na sakafu, na mvua, na vinywa vya watu. Na mji wa Lamu nao wategemea vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hupokea mvua na kuihifadhi chini yake kama sponji. Ndiyo sababu kila anayetaka kujenga juu ya mchanga ule huzua ugomvi, na ni haki ugomvi uzuke. Jabia na vilima vya Shela ni darasa kamili la sayansi, tena lililoandikwa kwa mkono wetu wenyewe. Je, ni skuli ngapi ambazo mwalimu wa sayansi huwatoa watoto nje wakapime urefu wa jabia, upana wake na kina chake, kisha wakahesabu itawatosha watu mia kwa siku ngapi?

Fauka ya hayo tunayo hesabu ya Nairuzi, na hapa ruhusa nikawie kidogo, maana vijana wengi hawaijui hata kwa jina. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka: mara huangukia joto la Kaskazi, mara mvua kubwa za masika. Mwaka kama huo ni wa ibada, haumfai mkulima wala baharia. Ndiposa wazee wa Pwani wakawa na mwaka wa pili unaofuata jua, wa siku 365, unaoanza kwa Nairuzi baina ya Julai na Agosti, nao wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku 5 za kuufunga mwaka. Kwa miongo hiyo mzee alijua lini asafishe shamba, lini atie mbegu, lini chombo kisitoke bandarini. Zilikuwapo na desturi zake, kuoga mwaka na kuzungusha ng'ombe mjini, na masheikh wamekhitalifiana juu yake, mlango ambao leo sitaufungua. Ninachotaka ni hesabu yenyewe. Mtoto anayejua kwamba mwongo fulani ni wa mvua, ndiye atakayeuliza mbona mwongo umepita na mvua haikuja. Asiyejua lini itarajiwe, hawezi kujua kuwa imechelewa.

Sisemi kwamba miongo yatosha. Hesabu ile hueleza mvua inapopasa kuja. Haielezi kama mwaka huu itakuja. Kwa hilo la pili twahitaji elimu ya sasa, na kwa bahati elimu hiyo nayo inaanzia katika bahari yetu. Wataalamu wa hali ya hewa wametambua kwamba Bahari ya Hindi ni kama mizani. Maji ya upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli huwa nyingi, kama zilivyofurika mwaka 2019 na tena 2023. Mizani ikiinama upande wa pili, joto likaenda Indonesia, mawingu huenda huko nasi tukabaki tukitazama mbingu tupu. Pasifiki nayo ina mkono wake, na ile hali iitwayo La Niña ilirudi miaka 3 mfululizo kuanzia 2020. Mtoto wa mvuvi hawezi kushindwa kulifahamu hilo. Anaishi juu ya mizani yenyewe.

Hayo ni ya ukame. Sasa tuje kwenye yale masafa niliyoyataja, baina ya ukame na njaa, maana hapo ndipo vitabu vya skuli vinapokuwa vitupu.

Mwalimu na aandike hesabu ubaoni. Tuseme kabla ya ukame mbuzi mmoja huuzwa shilingi 6,000, na gunia la mahindi ni shilingi 3,000. Mfugaji akiuza mbuzi mmoja hupata magunia mawili. Mvua ikakosekana. Kila mfugaji ataka kuuza kabla mbuzi hajakonda, soko likajaa, bei ikaanguka hata 2,000. Na kwa kuwa mahindi hayakumea, gunia likapanda hata 6,000. Sasa mbuzi yule yule ni thuluthi moja ya gunia. Ili kupata magunia mawili yale ya zamani lazima auze mbuzi sita. Hapo hajafa mnyama hata mmoja, wala mahindi hayajaisha dukani, na tayari watu wanalala bila kula. Watoto wakiifanya hesabu hiyo kwa mikono yao wataona kwamba mfugaji aliyechelewa kuuza hakuwa mjinga, na aliyewahi kuuza hakuwa mwoga. Na wataelewa kwa nini barabara ya kupeleka mifugo sokoni mapema huokoa roho kuliko magari ya unga yanayokuja mwishoni na wapiga picha.

Mwanachuoni Amartya Sen wa Bengal alikuwa mtoto wa miaka 9 alipoiona njaa kubwa ya huko mwaka 1943, iliyoua mamilioni. Alipokua akaichunguza, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 akaonyesha kwamba mchele haukuwa umepungua kiasi cha kuua watu wale wote. Bei ilipanda kuliko ujira wa vibarua, na walio maskini wakakosa njia ya kuupata. Kwa kazi zake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Bengal, tunao mfano wetu. Mwaka 1984 masika yalikosekana katika sehemu kubwa ya Kenya, na ukame ule ulikuwa mkali kweli kweli. Serikali ya wakati ule iliwahi kununua mahindi ng'ambo kwa fedha taslimu, yakaingia kwa bandari ya Kilindini, na wengi waliokuwa hai wanayakumbuka yale mahindi ya manjano, jinsi yalivyolalamikiwa kwa ladha yake. Watu walitaabika na mifugo mingi ikafa, lakini nchi haikuzika watu kwa malaki. Miaka hiyo hiyo, jirani zetu Ethiopia walipatwa na ukame, wakati vita vikiendelea kaskazini na serikali yao ikizificha habari na kuvitumia vyakula kama silaha. Huko walikufa watu kwa mamia ya maelfu. Mvua ilizikosa nchi zote mbili. Kaburi na kaburi hazikulingana. Mtoto akiulizwa kwa nini, na akaachwa ajadiliane na wenzake, hapo ndipo elimu inapoanza. Na babu wa kumsimulia ladha ya mahindi ya manjano huenda yuko nyumbani kwake, hajaulizwa neno mpaka leo.

Tusisahau pia kwamba ukame huingia darasani kwa mlango wa mbele, kabla haujafika katika kitabu. Mvulana wa wafugaji hufuata mifugo, na msichana hufuata maji. Mwalimu huita jina katika daftari la mahudhurio, likajibiwa na kimya. Tangu 2018, Shirika la Chakula Duniani lilipoikabidhi serikali kazi ya kulisha wanafunzi, chakula cha mchana skulini kimekuwa ni jukumu letu wenyewe, na kila mwalimu mkuu wa sehemu kavu ajua kwamba siku sufuria inapokosa kupikwa, wanafunzi hupungua. Liko na jingine ambalo hatupendi kulitaja barazani: nyumba ikifilisika mifugo, binti huozwa mapema ili mahari yanunue unga. Jambo hilo hutokea, na wanaolijua zaidi ni walimu. Daftari la mahudhurio likisomwa pamoja na la mvua lingetuonyesha mengi, lakini nani huyaweka mawili hayo mezani pamoja?

Mjini nako ukame hubisha hodi, ila kwa mavazi mengine. Mkokoteni wa maji hupandisha bei ya mtungi. Magunia ya makaa kutoka Ganze na Magarini huongezeka njiani, maana mkulima aliyekosa mavuno hukata miti ili apate cha kula, na sisi tunafurahia makaa bila kuuliza yametoka katika shida gani. Mtoto wa mjini aweza kupewa kazi ya kuhesabu magunia yanayopita mlangoni kwao kwa wiki. Ataona ukame ukipita.

Ama vyuoni, huko ndiko nina tamaa kubwa zaidi, kwa kuwa huko mtoto husikia kwa moyo. Wako walimu wanaofundisha kwamba mvua ikikosekana ni kwa ajili ya dhambi zetu, wakakomea hapo. Kutubu na kuomba maghufira kumeamrishwa, sina ubishi. Mtume wetu (S.A.W.) aliwatoa watu uwanjani, akaswali nao rakaa mbili za kuomba mvua na kupindua nguo yake, na sunna hiyo ingali hai kwetu. Lakini mtoto huyo huyo anahifadhi Sura ya Yusuf. Anajua ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Je, Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ile aliishia katika kuifasiri? Alitoa mpango: walime miaka saba, wanachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha akaomba yeye mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi. Ukame ulikuja kama ulivyoandikwa. Misri haikuangamia, na watu wa Kanaani wakaja kununua chakula kwake, ndugu zake wakiwa miongoni mwao. Sijui kisa kingine kinachoitenganisha njaa na ukame waziwazi namna hiyo, nacho tunakisoma kila siku kwa tajwidi nzuri bila ya kukiuliza swali hili.

Na akimaliza Yusuf asimuliwe mwaka wa 18 wa Hijra, ambao ulikaribiana na 639 wa Miladi, ulioitwa Mwaka wa Ramada kwa kuwa ardhi ya Hijazi ilikuwa kama majivu. Sayyidna Umar aliomba mvua, naam, na aliomba pamoja na Abbas ami yake Mtume. Lakini vilevile aliwaandikia magavana wake, misafara ya chakula ikaja. Na yasimuliwa kwamba alijizuia samli na nyama mpaka watu wa kawaida walipoweza kuzipata. Dua na barua zilikwenda pamoja.

Kuna pahali pamoja ambapo kutofundisha tofauti hii kumetugharimu damu. Katika delta ya Tana mfugaji Muorma na mkulima Mpokomo hutegemea mto mmoja. Kiangazi kikizidi, ng'ombe huteremka mtoni kwa njia zao za asili, ziitwazo malka, na katikati ya njia hizo leo yamo mashamba. Mwezi Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto, na mauaji ya kulipizana yakaendelea hata mwanzoni mwa 2013. Haukuwa ukame peke yake. Zilikuwamo siasa za uchaguzi na mambo ya ardhi. Lakini mtoto aliyefundishwa tu kwamba mifugo huhama wakati wa ukame hakufundishwa kwamba ng'ombe wale wanafuata haki ya zamani, wala kwamba mahindi yaliyokanyagwa ni chakula cha mwaka mzima cha nyumba ya mtu. Ningependa watoto wa Garsen na Hola waichore ramani ya malka kwa pamoja, kila mmoja akiuliza kwao, kisha wazibandike ukutani pale zinapotundikwa picha za mizoga.

Walimu watasema hawana wakati, na vifaa havipo. Kuhusu wakati, nakubali. Mwalimu wa leo amelemewa. Kuhusu vifaa sikubali. Kipimamvua hakihitaji kuagizwa Nairobi. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikikatwa shingo na shingo ikapinduliwa iwe kama mrija, pamoja na rula, yatosha kwa kazi ya skuli. Iwekwe mbali na paa na miti, isomwe kila siku saa tatu asubuhi, na mtoto wa zamu aandike milimita katika daftari. Siku isiyonyesha asiache nafasi tupu, aandike sifuri, kwa kuwa hesabu ya ukame ni hesabu ya sifuri. Kando ya kila mwezi iandikwe bei ya mbuzi na bei ya kilo ya mahindi katika soko la karibu. Na kwa kuwa skuli hufungwa mwezi wa Aprili, wakati ule ule mvua za masika zinapotazamiwa, watoto wanaokaa karibu wapangiwe zamu ya likizo, daftari lisije likakosa kurasa hizo.